Risasi Kwanza, Jina Baadaye

Polisi wa Mbeya au Iringa wanapotangaza silaha waliyoikamata, maneno yao hufuata mpangilio ambao msomaji wa magazeti ameshauzoea: bunduki moja aina ya SAR, risasi kadhaa ndani ya magazini, maganda kadhaa yaliyookotwa eneo la tukio, au gobore moja, baruti kwenye kichupa, na vipande vya nondo vilivyokatwa ili vitumike badala ya risasi. Kiwanda kilichoitengeneza bunduki hiyo hakitajwi. SAR yenyewe ni herufi 3 za Kiingereza zinazoeleza tabia ya bunduki, kwamba hujikoki baada ya kila mlio na kutoa risasi moja kila kidole kinapovutwa. Hazisemi kama imetoka Urusi, China au kwingineko. Msomaji haoni pengo lolote hapo. Akishajua kuwa ni SAR na kwamba ndani yake mlikuwa na risasi 8, ameshajua alichotaka kujua. Mazoea haya ya kutaja silaha yana historia, na ndani ya historia hiyo mna jibu la swali linalowashughulisha wanunuzi wa bunduki kila mahali: mtu alipie nini, jina la mtengenezaji au kazi ya chombo? Katika Nyanda za Juu Kusini swali hilo limejibiwa mara nyingi kwa muda wa karne moja na nusu, na waliokosea jibu walilipa kwa maisha yao. Thamani ya bunduki huku imekuwa katika kile kinacholisha mtutu wake: nani anazo risasi, zinafikaje, na zikiisha zinapatikana wapi tena.

Ushahidi wa kwanza umo katika Kiswahili chenyewe. Wazee wa pwani na wafanyabiashara wa misafara waliziita bunduki kwa namna zilivyowashwa na kushibishwa. Bunduki ya mrao ilipewa jina la utambi uliowaka taratibu pembeni mwa mtutu. Gumegume lilikuwa jina la jiwe la kutoa cheche, kisha likawa jina la bunduki nzima. Ilipokuja ile ya kugongwa kifuniko kidogo cha shaba chenye baruti kali, watu waliiita ya fataki. Gobore na korofindo ni zile za kushindiliwa kwa mdomo: baruti kwanza, kitambaa, risasi, kisha mdeki unasukuma vyote chini mpaka vikae. Majina ya mafundi wa Birmingham na Liège, miji iliyotengeneza sehemu kubwa ya bunduki za bei nafuu zilizouzwa Afrika, hayakuota mizizi. Mtu aliyekuwa na bunduki bara alihitaji kujua ataiwasha kwa nini, maana jiwe aliweza kuliokota au kulinunua kwa urahisi, lakini fataki zilitoka Unguja peke yake, na zikilowa au kuisha bunduki nzuri ilibaki gogo. Kwa hiyo gumegume, iliyokwisha kuachwa na majeshi ya Ulaya, iliendelea kuthaminiwa bara hata pale ya fataki ilipokuwa imefika sokoni. Mgeni angeuita huo ushamba. Kwangu mimi ni hesabu ya mtu aliyejua umbali wa kutoka Bagamoyo mpaka Usangu.

Umbali huo ndio uliopanga bei. Pembe za ndovu zilishuka kutoka Usangu, Uhehe na kandokando ya Ruaha, na bunduki zikapanda. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipitia huko kila mwaka kuelekea bara. Nyingi zilikuwa mitumba ya majeshi: kila mara Ulaya ilipobadilisha bunduki ya askari wake, ile ya zamani ilitafutiwa mnunuzi mbali. Wasangu chini ya mtawala wao Merere walikuwa miongoni mwa walionufaika mapema na biashara hii, kwa kuwa misafara ya pwani ilipita kwao na pembe walikuwa nazo. Kama bunduki ingekuwa ndiyo nguvu yenyewe, Merere angekuwa bwana wa nyanda zote hizi. Lakini mwaka 1877, Mwingereza James Elton alipofika Utengule, alimkuta Merere akishambuliwa na Wahehe, watu ambao tegemeo lao kubwa lilikuwa mkuki na ngao. Wasangu hatimaye walisukumwa magharibi mpaka Usafwa, karibu na Mbeya ya leo, wakakaa huko hadi Wajerumani walipowarudisha kwao miaka ya 1890. Bunduki za kushindilia, zilizopiga mara moja na kuhitaji muda wa kujazwa upya, zikilishwa baruti iliyonunuliwa kwa pembe kutoka safari ya miezi, hazikutosha kulizuia jeshi lenye nidhamu ambalo silaha yake ilifuliwa na mhunzi wa kijiji na kunolewa upya jioni ile ile.

Hapo ndipo Lugalo inapoingia, na lazima tuitazame kwa uangalifu kwa sababu imesimuliwa mno kama hadithi ya ushujaa mpaka sehemu yake ya silaha imefifia. Tarehe 17 Agosti 1891 msafara wa kijeshi wa Mjerumani Emil von Zelewski, aliyejulikana kwa wenyeji kama Nyundo, ulikuwa ukipita kwenye njia nyembamba yenye vichaka na mawe, mashariki ya Iringa ya leo. Ulikuwa na askari zaidi ya 300, mizinga midogo na bombomu. Wahehe waliibuka kutoka pembeni kwa umbali mfupi sana. Askari wengi walipata nafasi ya kupiga risasi moja au mbili tu kabla mikuki haijawafikia, na katika muda wa dakika chache jeshi lile lilikuwa limekwisha, Zelewski mwenyewe akiwa miongoni mwa waliouawa. Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe, akapata bunduki zipatazo 300, mizinga na shehena ya risasi. Bunduki za askari hao zilikuwa Mauser za mwaka 1871: mtutu wa milimita 11, risasi moja kwa wakati mmoja, baruti nyeusi yenye moshi mzito. Inafaa kukumbuka kwamba huko Ujerumani kwenyewe bunduki hiyo ilikuwa imeshapitwa. Jeshi la Kaisari lilikuwa limepewa mpya mwaka 1884, kisha nyingine 1888. Jina Mauser lilikuwa kubwa kuliko yote katika biashara hiyo, ila kilichopelekwa Afrika Mashariki chini ya jina hilo kilikuwa akiba ya ghalani.

Msomaji makini atauliza: kama mikuki ilishinda Lugalo, je, hoja si kwamba bunduki haikuwa na maana yoyote? Jibu liko miaka 3 mbele, pale Kalenga. Mwishoni mwa Oktoba 1894 Gavana wa Kijerumani Friedrich von Schele aliizingira ngome ya Mkwawa, ikapigwa mizinga, na tarehe 30 askari wakiongozwa na Tom von Prince wakapanda ukuta na kuingia. Siku hiyo Mauser ya 1871 ilikuwa pande zote mbili. Ndani ya ukuta zilikuwamo bunduki zilizotekwa Lugalo, nje zilikuwa mikononi mwa askari. Mtutu ule ule, kiwanda kile kile, ubora ule ule. Kama jina na muundo wa bunduki ndivyo vinavyoamua, pambano hilo lilipaswa kuwa la nguvu sawa. Lakini askari wa nje alikuwa amefundishwa kulenga kwa miezi kwa kuchoma risasi ambazo hakuzionea uchungu, kwa kuwa meli nyingine ingeleta nyingine. Mhehe wa ndani alishika bunduki ambayo kila risasi yake ilikuwa ya mwisho wa aina yake. Ganda la shaba la risasi ile lilivutwa kwa mashine kiwandani, likatiwa fataki kwenye kitako chake, likajazwa baruti iliyopimwa na kufungwa kwa kichwa cha risasi kilichotoshea bila kulegea. Wahunzi wa nyanda hizi walikuwa hodari. Chuma waliyeyusha wenyewe, mikuki na majembe yao yalisafiri mbali. Ganda hilo lilikuwa nje ya uwezo wa mfua yeyote asiye na kiwanda. Mkwawa alikuwa ameteka bunduki. Kiwanda cha risasi hakikuwa kitu cha kutekwa.

Baadhi ya waandishi humlaumu kwa kutozitumia bunduki hizo ipasavyo, kana kwamba alizithamini kama mapambo. Naona lawama hiyo inamkosea haki. Mtu mwenye risasi zisizoweza kujazwa upya anabanwa na njia 2 mbaya: azitumie kufundishia vijana wake, ziishe kabla ya vita, au azitunze kwa ajili ya vita, na zije kutumiwa na mikono isiyozizoea. Hakuna ujanja wa kiongozi unaoondoa tatizo hilo. Na angalia alichokifanya baadaye. Kwa karibu miaka 4 baada ya Kalenga kuanguka, mpaka alipojipiga risasi Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898 akiwa ametangaziwa zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa chake, aliendesha vita vya kuvizia na kutoweka, vita vya matumizi madogo ya risasi. Wajerumani nao walimmaliza kwa kuwanyima watu wake chakula na kuwahamisha kutoka vijiji vyao, kazi ambayo haikutegemea aina ya bunduki.

Wakati huo huo mlango wa kupata bunduki nyingine ulikuwa unafungwa kisheria. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890, uliotangazwa kama vita dhidi ya biashara ya watumwa, ulipiga marufuku kuingiza bunduki zenye mifereji ndani ya mtutu pamoja na silaha nyingine za kisasa katika eneo lote la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Kilichoachwa, tena kwa kibali, kilikuwa gumegume laini lisilo na mifereji na baruti ya kawaida ya biashara. Waliotunga kifungu hicho walielewa hoja ninayoieleza kuliko wengi: hawakuishia kwenye bunduki, waliweka baruti na risasi chini ya ghala la serikali, zitolewe kwa kipimo. Hapo ndipo gobore lilipopata maisha yake marefu katika vijiji vya Ubena, Unyiha, Usafwa na Uhehe. Serikali za kikoloni zilizofuata zililivumilia kwa kuwa halikuwa tishio kwa boma, na mwananchi akalishika kwa kuwa liliweza kula chochote. Mhunzi angeweza kulitengeneza na kulitibu, kitako kilichovunjika kikachongwa upya kwa mti wa karibu, na tumboni mwake vikaingia vyuma vilivyokatwakatwa badala ya risasi ya duka. Ni chombo cha hatari kwa anayelipiga pia. Mtutu dhaifu hupasuka na kuchukua vidole au jicho. Hakuna aliyelichagua kwa mapenzi.

Hili linaleta pingamizi lililo zito kuliko yote. Mtu anaweza kusema: unaloliita hesabu ya busara ni umaskini tu. Watu walishika gobore kwa kuwa walinyimwa bunduki nzuri. Uwape hiari na pesa, watakimbilia jina kubwa, maana kizuri chajiuza. Nusu ya pingamizi hilo ni kweli, na dhuluma ya sheria zile sitaipunguza hata chembe. Wilaya ya Njombe iliionja kati ya 1932 na 1947, simba wala watu walipoisumbua kwa miaka 15, na makadirio ya waliouawa yakafika 1,500, huku wanavijiji wakiwa na mikuki na magobore machache mpaka bwana nyama George Rushby na wasaidizi wake walipowamaliza wanyama hao kwa bunduki za serikali. Katika mkasa huo ubora wa bunduki ulikuwa na maana kubwa sana, na kuwanyima watu ilikuwa kuwaacha wafe. Lakini nusu ya pili ya pingamizi haisimami, kwa sababu tunao mfano wa watu waliokuwa na hiari yote na jina kubwa mikononi, na wakalitupa. Watu hao walikuwa Wajerumani wenyewe.

Vita Kuu ya kwanza ilipoanza 1914, kompania nyingi za askari wa Kijerumani bado zilibeba ile Mauser ya 1871. Katika vita vya porini moshi wake ulikuwa laana: askari akipiga mara moja, wingu jeupe linasimama juu ya kichaka alichojificha na kila bombomu ya upande wa pili inageukia hapo. Fikiria pia mzigo. Risasi moja ya milimita 11 ina uzito wa zaidi ya gramu 40. Mpagazi aliyebeba kilo 25 alikuwa amebeba risasi zisizofika 600, na yeye mwenyewe alipaswa kula njiani kila siku. Meli iliyovunja mzingiro wa Waingereza mwaka 1915, Rubens, ilifika Ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga ikiwa na bunduki mpya za mwaka 1898, bunduki ambazo hata leo zinahesabiwa miongoni mwa bora zilizowahi kutengenezwa. Meli ikapigwa, ikaingia maji, na shehena ya risasi ikalowa chumvi. Bunduki zilifutwa na kupakwa mafuta, zikapona mara moja. Risasi ndizo zilizowatoa watu jasho: zilitenganishwa moja moja, ganda kwa kichwa, baruti ikakaushwa, fataki zilizokufa zikatolewa, kisha kila kitu kikaunganishwa tena kwa mkono. Bila kazi hiyo ya vidole, silaha bora za Ujerumani zingebaki vyuma vilivyong'arishwa.

Nyanda za Juu Kusini ziliona mwisho wa hesabu hiyo. Majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yalipanda kutoka Nyasaland na Rhodesia mwaka 1916, yakapigana Malangali mwezi Julai na kuingia Iringa tarehe 29 Agosti. Kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alisukumwa kusini mpaka Msumbiji, na huko Ngomano, Novemba 1917, alipowashinda Wareno, askari wake wengi waliachana na bunduki zao na kuchukua za Wareno, kwa sababu ghala la risasi lililotekwa lilikuwa la Wareno. Baadaye wakafanya hivyo hivyo kwa bunduki za Waingereza. Mwaka 1918 walirudi kuvuka Ruvuma, wakapita Songea, Ubena na Mbozi, wakaingia Rhodesia ya Kaskazini. Waliposalimisha silaha Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, walikabidhi bunduki 1,071 pamoja na risasi 208,000, na bunduki hizo zilikuwa za Kiingereza na Kireno. Jeshi la taifa lililoipa dunia Mauser lilimaliza vita likibeba silaha za maadui wake. Hawakuzionea aibu. Mhehe wa 1894 na Mjerumani wa 1918 walikutana na ukweli mmoja, ila Mjerumani alikuwa na bahati kwamba adui yake alimletea risasi mpaka mlangoni.

Nusu karne baadaye swali likawa la taifa huru. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Jeshi hilo la kurithi, pamoja na mazoea yake ya Kiingereza, likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 ikazaliwa JWTZ. Kambi ya Colito ikabadilishwa jina, ikaitwa Lugalo. Kwa hiyo jeshi jipya lilijitambulisha kwa uwanja wa vita wa Iringa wakati ule ule lilipokuwa linatafuta bunduki ya kushika. Ujerumani Magharibi ilikuwa imeahidi kusaidia mrengo wa anga na wa majini, lakini mwanzoni mwa 1965 ikaondoa msaada huo wa kijeshi kwa sababu ya uhusiano wa Zanzibar na Ujerumani Mashariki. Kwa yeyote anayejali nchi hii, tukio hilo lilikuwa somo la wazi: silaha inayotegemea hisani ya mtu mmoja ina kamba, na kamba hiyo huvutwa siku mnayoihitaji. China ilikuwa imeanza kuleta silaha na wakufunzi tangu 1964, na miongoni mwa vilivyoletwa ilikuwamo hiyo tunayoiita SAR.

Kwa wapenda majina, SAR haikuwa na la kujivunia. Ilibuniwa na Mrusi Sergei Simonov na kuingia jeshi la Kisovieti 1949. Ndani ya miaka michache Warusi wenyewe wakaiweka nyuma ya Kalashnikov. Wachina walianza kuitengeneza 1956, wakaipa jina la mwaka huo. Ina uzito wa kilo 3.85 hivi, kitako cha mbao, singe inayokunjwa chini ya mtutu, na magazini isiyochomoka yenye risasi 10 zinazosukumwa ndani kwa klipu kutoka juu. Ukiilinganisha na SMG, kama askari wetu wanavyoiita ile Kalashnikov ya Kichina yenye magazini ya risasi 30 inayomimina, SAR inaonekana kama mzee aliyevaa vizuri. Lakini tazama walichokifanya Wachina: namba 56 waliipa SAR, wakaipa SMG, na wakaipa pia bunduki nyepesi ya kumimina inayolishwa kwa mkanda. Silaha 3, jina moja, na risasi moja ya milimita 7.62 kwa 39. Hapo ndipo thamani ilipolala. Risasi hiyo ina gramu 16 hivi; kilo 25 zile za mpagazi wa 1916 sasa zilikuwa risasi 1,500. Na sanduku moja lilitosha kulisha kikosi kizima, bila mtu kuuliza hii ni ya nani.

Mahali pa kuliona hilo kwa karibu ni Mgagao, katika mkoa wa Iringa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 kambi hiyo iliwafundisha wapiganaji wa ZANLA wa Zimbabwe chini ya wakufunzi wa Kichina. Vita vya ukombozi kusini mwetu vilitembea kwa miguu. Silaha zilishuka bandarini Dar es Salaam, zikasafiri kwa malori mpaka kambi za kusini, kisha masanduku ya risasi yakavuka Ruvuma juu ya vichwa vya watu, na katika safu za Frelimo ya Msumbiji wengi wa wabebaji hao walikuwa wanawake wa kikosi chao kilichoundwa 1967. Mwanamke anayetembea usiku na sanduku kichwani hawezi kubeba aina 4 za risasi akisubiri kuambiwa ni kundi gani lina bunduki gani. Bunduki ya nusu otomatiki ilimsaidia kwa namna nyingine pia: kwa kutoa risasi moja kwa kila mvuto wa kidole, ilimlazimisha kijana mgeni wa vita kulenga, na risasi aliyoileta mwenzake kwa safari ya wiki haikumwagwa angani kwa hofu. Kwa jeshi lenye viwanda na ndege hiyo ni kasoro. Kwa jeshi lililolishwa kwa vichwa vya watu ilikuwa faida.

Pingamizi la mwisho ni kwamba Tanzania haikuchagua chochote, ilipewa, na anayepewa hachagui. Sikubaliani. Zawadi hukubaliwa au kukataliwa, na kilichofuata kinaonyesha kwamba waliokubali walijua wanachokitaka. Katika miaka ya 1970, kwa msaada wa Wachina, kiwanda cha risasi kilijengwa Morogoro, kile tunachokijua kama Shirika la Mzinga. Kwa mara ya kwanza tangu gumegume la kwanza kupanda kutoka Unguja, risasi ya kiwandani ya bunduki inayotumika nchini iliweza kutoka katika mikono ya watu wa nchi hii. Kama Mkwawa angekuwa na karakana ya namna hiyo, Kalenga isingekuwa Kalenga tunayoisoma. Uchaguzi wa kweli ulikuwa huo wa kiwanda. Baada yake kubishania aina ya bunduki kulipungua uzito, na nchi ikabaki na silaha za 7.62 kwa 39 kwa miongo iliyofuata.

Sheria ya sasa nayo inazungumza lugha hiyo hiyo. Jina lake ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na neno "risasi" halikuwekwa kwa kupamba: mwenye kibali halali hudhibitiwa kwa bunduki aliyo nayo na kwa risasi alizo nazo. Mkulima wa Mbarali au Kilolo anayeomba kibali cha bunduki ya kulinda shamba dhidi ya nguruwe pori na nyani, akiingia dukani akakuta bunduki ya jina kubwa yenye bei ya kutisha pembeni ya isiyo na sifa, ana haki ya kuuliza kwanza yale ambayo Merere angeuliza: risasi zake zinauzwa wapi karibu na kwangu, na ikiharibika nani anaijua.

SAR zilizotoka kiwanda cha Chongqing zina alama ndogo ubavuni, pembetatu yenye namba 26 ndani yake, na maandishi ya Kichina pembeni. Askari anayeisafisha hupitisha kitambaa juu ya alama hiyo na kuendelea. Anavuta chuma cha nyuma, anachungulia chemba kama ina mchanga au kutu, anajaribu singe kama inakaa, kisha anachukua klipu, anahesabu 10, na kuzisukuma ndani kwa kidole gumba mpaka zilie.